Mikono ya Kakule

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya namna hii, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Hili halikumpata jirani wa binamu yangu. Lilinipata mimi mwenyewe, Alhamisi moja saa kumi mchana, sijalewa wala sijalala, katika mtaa wa Mapendo hapa Goma, mvua ikinyesha. Mchana, umesikia? Watu hudhani vitu hivi hungoja giza.

Lakini kwanza ujue wivu wangu. Bila huo hutaelewa kwa nini sikukimbia.

Mimi na Kakule tulijifunza kinanda pamoja, kanisani kwetu Ndosho, kwenye kinanda kimoja cha umeme. Tulijifunza kama wapigaji wote wa kwaya wanavyojifunza huku: kila wimbo unapigwa katika ufunguo mmoja, Do. Mwimbaji akitaka sauti ipande, hubadilishi vidole. Unabonyeza kitufe, kinanda kinapanda chenyewe, nawe unaendelea na Do yako kana kwamba hakuna kilichotokea. Miaka sita nilipiga hivyo nikajiona fundi.

Kisha Furaha akatuita kwa Mama Noela.

Furaha alikuwa mwenzetu wa kwaya, sauti ya pili. Siku moja akaanza kuimba nyimbo za jazi, zile za polepole, za watu waliochelewa kupendana, akizitia maneno yake ya Kiswahili. Huimba amefumba macho. Nilimpenda, sitazunguka. Kakule naye alimpenda, ingawa hakuwahi kusema, na huko kutokusema kwake kuliniudhi kuliko kama angetangaza kwenye redio.

Mama Noela ni mjane anayeuza vitenge. Ana piano ya kweli, ya mbao, iliyoletwa kwa boti kutoka Bukavu kabla sisi hatujazaliwa. Nyumba yake zamani ilikuwa na ghorofa moja. Mlima ulipotema moto, lava iliingia ikajaza vyumba vyote vya chini, ikapoa humo humo ikawa jiwe. Piano ilikuwa juu, ikapona. Barabara yenyewe ilikuwa imepanda, basi mlango wa roshani ukawa mlango wa mbele, na maisha yakaendelea. Nyumba kama hizo si chache mjini kwetu.

Piano ya mbao haina kitufe. Na Furaha anaimba katika Mi bemol, ufunguo mwingine kabisa. Unaona shida yetu?

Kakule alikwenda nyumbani akachora piano nzima kwenye kartoni ya sabuni. Mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake cha kutengeneza simu, alipitisha vidole kwenye kartoni ile isiyotoa sauti: Do, Re bemol, Re, Mi bemol, mpaka amezunguka zote kumi na mbili. Mimi nilimcheka.

"Kakule, sasa unapiga kartoni tu?"

"Kartoni hainicheke, ndugu."

Mwaka ulipokwisha ilikuwa zamu yangu kuacha kucheka. Nyimbo za jazi zina jambo lake. Karatasi inakupa majina tu ya akodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Namna ya kuzipanga inabaki kwako. Mimi niliposoma jina la akodi nilizipiga noti zake zote, nzito ikiwa chini, kama mtu anayepanga matofali. Kakule aliacha nyingine. Mkono wa kushoto ulishika noti mbili, wa kulia ukaongeza moja ambayo haikuandikwa popote, na kabla ya kufika kwenye akodi iliyotakiwa alipita kwanza kwa jirani yake, kama mtu anayechungulia dirishani kabla ya kubisha hodi. Furaha alipomsikia, sauti yake ilibadilika. Ilikaa.

Jumapili moja baada ya misa, kwa Mama Noela tulikokutana kila wiki, nilipiga mimi. Furaha alisimama katikati ya wimbo.

"We unapiga akodi sawa na padiri mwenye anasoma majina ya marehemu," alisema. "Yote, moja moja, na hakuna mwenye anafufuka!"

Mama Noela alicheka mpaka akavua miwani. Kila mtu alicheka, isipokuwa Kakule. Hicho ndicho kilichonichoma. Unajua uchungu wa kuhurumiwa na mtu unayemwonea wivu?

Wakati huo Furaha alikuwa amealikwa kuimba Kigali baada ya Pasaka. Angekwenda na mpiga piano mmoja, mimi au Kakule. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Basi Alhamisi hiyo Mama Noela alikuwa dukani, akanipa ufunguo nifanye mazoezi peke yangu. Nilifika nimelowa. Nikakaa, nikaanza kupanga matofali yangu, na hasira ilinifanya nipige kwa nguvu. Ndipo nikasikia mtu anapanda ngazi.

Katika pembe ya sebule ile, nyuma ya kabati, kuna ngazi za zamani zilizokuwa zikishuka hadi vyumba vya chini. Zimebaki tatu, halafu jiwe. Mtu alitokea hapo. Mzee mwembamba, suti ya kahawia iliyopigwa pasi, nywele zimejaa vumbi la kijivu. Alipokaribia piano, shati langu lililolowa lilikauka mgongoni. Niamini. Nililihisi likikauka, kama mtu anayesogea karibu na jiko.

"Kijana," alisema, "unanigonga ku kichwa."

"Munisamehe, muzee. Munatoka wapi?"

"Ninakaa hapa chini."

Utaniuliza: hukujua kwamba chini ni jiwe tupu? Nilijua. Miguu yangu ilijua vizuri kuliko mimi, ilikuwa imeshageukia mlango. Lakini mzee aliongeza neno moja.

"Mwenzako anapiga muzuri. Akipiga, ninalala. Wewe ukipiga, ninaamuka."

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa. Hata na yeye, nikawaza. Hata huko aliko mzee huyu, Kakule amenitangulia.

Alivuta kiti akakaa upande wangu wa kushoto. "Piga ya kwanza."

Nilipiga Mi bemol, noti zote. Kwa ukucha akainua kidole changu kutoka kwenye Mi bemol yenyewe, ukucha ukiwa moto kama kijiko kilichosahaulika kwenye chai. Akainua kingine. Zikabaki noti mbili.

"Sasa sikiliza. Mi bemol iko wapi?"

"Nimeiacha, muzee."

"Imeenda?"

Haikwenda. Hakuna aliyeipiga, nami niliisikia, iko palepale chini ya zile mbili, wazi kuliko nilipokuwa naigonga.

"Mwenye nyumba haitwe jina kila saa mugeni anaingia," alisema mzee. "Watu wanajua yuko."

Alinifundisha labda saa nzima, na ninakuapia yalikuwa mafundisho mazuri. Alinionyesha jinsi ya kuiacha noti ya juu itembee yenyewe kutoka akodi hadi akodi huku nyingine zikikaa kimya. Alinionyesha jinsi ya kuchelewa bila kupotea. Kama ningesema asante nikaondoka, leo ningekuwa mpiga piano. Lakini niliuliza swali la mtu mwenye wivu.

"Muzee, vitu hivi nitavijua vyote lini?"

"Miaka mbili. Tatu. Ukifanya kazi sawa mwenzako."

"Pasaka imebakia wiki tatu."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu, sijui niseme vipi, makavu kama ya mtu ambaye hajapepesa kwa muda mrefu. "Unataka nini? Kupiga muzuri, ao kupiga sawa yeye?"

"Sawa yeye."

"Sawa yeye, ao pahali pake?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Ningeweza kujibu chochote.

"Pahali pake," nilisema.

Alicheka bila kutoa pumzi. "Nyinyi watu wa kwaya, munapenda sana kitufe." Akaweka mikono yake juu ya yangu akabonyeza mara moja, taratibu, kama anayebonyeza kitu kidogo. Joto likapanda hadi kwenye viwiko. Kisha akainuka. "Bon, basi. Acha nilale."

Alishuka ngazi. Nilisikia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasikia ya nne. Nilihesabu kumi na nne.

Jumapili nilipiga kwa Mama Noela, watu wakiwa wamekusanyika. Sijui nisemeje kuhusu Jumapili ile, maana sikuwapo kwa namna fulani. Mikono iliondoka nami nikaifuata. Mi bemol ilikuwa kama nyumba niliyozaliwa. Furaha alifumba macho, na sauti yake ikakaa, ikakaa juu yangu mimi! Karibu na mwisho wa wimbo mkono wangu wa kushoto ulinyosha vidole ukagusa akodi ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote, noti mbili zimeshikana kama watu wanaoagana kando ya barabara. Na nilipoipiga niliona mlango wa bati wa duka ukifungwa, nikasikia mtu akipiga mluzi, nikasikia harufu ya vitunguu, na huzuni ya mtoto anayemngoja baba yake ikanijaa. Baba yangu anauza misumari Ndosho, ni mzima, na hajawahi kupiga mluzi maishani mwake.

Mlangoni Kakule alikuwa amesimama na chupa ya fanta. Ilimtoka mkononi.

Babake Kakule ndiye aliyeuza vitunguu. Alitoka asubuhi moja na lori kuelekea Butembo, hakurudi.

"Ile ya mwisho," Kakule aliniambia baadaye, midomo yake myeupe, "nilikuwa ninaitafuta ku kartoni. Hakuna mutu ameisikia. Ndugu, hata mimi sijaisikia."

Zamu yake ilipofika alikaa, akatazama vidole, akapiga. Yalitoka matofali. Matofali yangu, katika Do, wakati Furaha anaimba Mi bemol. Aliacha, akaanza tena, yakatoka yaleyale. Watu walianza kucheka. Mama Noela alisema kwa upole, "Mutoto wangu, uko mugonjwa?" Nami nilicheka. Hilo ndilo ninaloungama kwako leo. Yeye hakunicheka, mimi nilimcheka.

Nilikwenda Kigali. Tulipigiwa makofi. Ndani ya basi la kurudi, Furaha alikaa karibu nami, bega kwa bega, na nikadhani saa yangu imefika.

"Nikuulize kitu?" alisema. "Nikifunga macho ukipiga, ninakuwa na Kakule. Nikifungua, ninakuta ni wewe. Juu ya nini?"

Nilitazama mikono yangu magotini. Umewahi kuionea wivu mikono yako mwenyewe? Furaha alikuwa ameipenda hiyo. Mimi nilikuwa mtu aliyeibeba.

Kakule hakuacha. Alirudi kwenye kartoni yake, akaanza na Do kama mtoto, na miaka miwili baadaye akakaa kwenye piano ya Mama Noela akapiga akodi ambazo sisi sote hatukuzijua. Si zile za zamani. Mpya, zimekomaa, za mtu aliyeanguka akainuka. Mikono yangu haikuweza kuzifuata. Inajua yote aliyoyajua Kakule hadi Alhamisi ile, wala haijajifunza noti moja zaidi. Nimejaribu. Nikiilazimisha, inapata moto. Hadi leo ukinisalimia kwa mkono utaniuliza kama nina homa. Furaha alimrudia Kakule, yaani, alimfikia hatimaye. Mwaka jana walioana, nami ndimi niliyepiga piano harusini, na bibi harusi aliimba macho wazi, anamtazama mume wake.

Wivu wangu ungekuwa umepata adhabu ya kutosha hapo. Lakini mwezi uliopita Kakule alinifuata baada ya misa.

"Ndugu, ile akodi yako ya mwisho wa wimbo. Unifundishe. Kila ninaisikia machozi inatoka, na sijue juu ya nini."

Nilimkalisha kwenye piano. Nilivishika vidole vyake nikaviweka mahali pake, noti kwa noti. Alipiga. Ilitoka sawasawa, na haikuwa na mtu ndani.

"Haiko ile," alisema.

Basi nikamwambia. Nikamweleza mlango wa bati, namna ulivyokwama chini ukahitaji teke moja, mluzi wa noti mbili, harufu ya vitunguu kwenye mikono iliyomshika mtoto kichwani. Nilieleza nikilia, maana mtu huyo ambaye sijawahi kumwona namkumbuka kila siku inayokuja. Kakule, ambaye kichwa hicho kilikuwa chake, alinisikiliza kwa adabu, kama tunavyosikiliza msiba wa mtu mwingine. Kisha, yeye anayemjua baba yangu wa misumari, akaniwekea mkono begani.

"Pole, ndugu," alisema. "Baba yako alikuwa mutu muzuri."

Sikia wewe unayenisoma. Wivu utakuja, hatuwezi kuufungia mlango. Ukija, omba mikono yako ipate nguvu, omba miaka mitatu ya kartoni, omba hata usahau kupiga. Lakini akitokea yeyote, kutoka popote, akakuuliza kama unataka mahali pa mwenzako, inuka uende zako mvuani. Mahali pa mtu si kiti. Ndani mna watu wake, na ukiingia watakuita mwana.