Mpaka Itoke Pinki

Ardis Nygaard amechoka, na mimi ndiye ninayeambiwa. Kila Oktoba, kambi yetu ya ziwani inapoanza kufungwa, huja jikoni kwangu, akavua glavu na kusema, "Jirani, nimechoka mpaka kwenye mifupa." Namtilia kahawa. Ana miaka sabini na mbili, na kazi anayoifanya si yake.

Kazi ni ya mumewe, Verlyn. Miaka thelathini sasa ndiye anayefunga trela zetu za kulala kabla ya majira ya baridi. Humwaga maji ya tangi na ya hita, kisha huingiza mabombani kwa pampu ile dawa ya pinki ya kuzuia maji kuganda, akifungua bomba moja baada ya jingine mpaka itoke pinki. Hapa kaskazini mwa Minnesota hakuna anayeuliza kama trela imefungwa. Tunauliza, "Imetoka pinki?" Maji yakibaki hata kikombe kimoja, barafu inayapasua mabomba, na mwenye trela anakuja kujua Mei, sakafu imeshaoza.

Mwaka juzi Verlyn alianza kusahau. Majina anayajua, njia ya nyumbani anaijua. Anachosahau ni shawa ya nje, ile iliyofichwa nyuma ya kijimlango ubavuni, ambayo watu huoshea mbwa na miguu yenye mchanga. Tangu hapo Ardis humsubiri apitiwe na usingizi wa mchana, kisha huzipitia trela zote alizofunga asubuhi, akifungua kila bomba upya. Bomba moja tu likipasuka watu watajua, na mzee atanyang'anywa kitu pekee kinachomtoa kitandani.

Mimi nina mdomo. Nilimwambia, "Mwambie ukweli, mama. Utakufa wewe kabla yake."

"Nimwambie nini? Verlyn, kichwa chako kinavuja?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Ndiyo maana huna mume," akasema, akavaa glavu zake.

Alhamisi redio ilitangaza baridi kali ya kwanza. Asubuhi Verlyn alikuwa amefunga trela ya kina Schroeder. Mchana nilikwenda na Ardis kumbebea galoni la dawa, maana huruma ilinishika. Akawasha pampu. Jikoni, pinki. Bafuni, pinki. Akakanyaga pedali ya choo, pinki. Tukazunguka nje, akafungua kijimlango, akapiga magoti kwenye majani yaliyokauka. Maji yakatoka meupe, safi kabisa. Hata hakushangaa.

"Ile ya nje, siyo?"

Verlyn alikuwa amesimama nyuma yetu, vifungo vya koti amevikosea.

Ardis akaiziba shawa kwa kiganja. "Imetoka pinki, mzee wangu. Rudi kalale."

"Bibi wewe, maji yanakutiririka mpaka kiwikoni." Akainama kwa shida, akautoa mkono wa mkewe taratibu. "Umeanza lini kunifuata?"

Mimi nikageuka kutazama ziwa.

"Mwaka juzi," Ardis akasema.

"Nimesahau ngapi?"

"Mwaka huu, kumi na moja."

Nilidhani atafoka, maana ana kiburi yule mzee, na mimi nilikuwa tayari kumjibu. Akaiacha shawa itiririke, akaitazama mpaka ikaanza kutoka pinki, akaifunga.

"Kumi na moja," akasema. "Na mikono yako hiyo yenye baridi yabisi." Kisha akasema, "Kesho tangulia wewe. Mimi nitafuata nyuma na galoni. Ukikosea nitakusema."

"Utanisema vipi, na wewe hukumbuki?"

"Basi utakuwa na bahati."

Ardis alicheka kidogo. Kisha akakaa kwenye ngazi ya trela, akasema amechoka, amechoka sana. Miaka miwili nimeyasikia maneno hayo jikoni kwangu. Siku hiyo alimwambia Verlyn mwenyewe.