Kichwa Kimoja, Sura Moja

Mimi shule sikuiona kwa ndani. Niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe za baba. Lakini kuna kitabu kimoja nakijua kuliko hata yule aliyekiandika, na nilikijua kwa masikio, mkononi nimeshika mashine ya kunyolea, huko Juba, miaka ile mkataba wa amani umeshasainiwa na kura ya kujitenga bado.

Kibanda changu cha kunyolea kilikuwa mtaa wa Atlabara. Mabati juu, mabati pembeni, mabati mlangoni. Mchana ungeweza kukaanga mandazi ukutani. Siku moja nilisahau kitana dirishani, kurudi nikakikuta kimejikunja kama mtu anasali. Wateja walikuja hivyo hivyo, kwa sababu Juba ya wakati ule kila mtu alikuwa amefika jana na kesho ana intavyuu, na hakuna mtu anataka kwenda intavyuu na nywele za safari.

Kitabu kililetwa na Mkenya mmoja aliyekuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege. Alikuwa kwenye kiti, anasoma huku namnyoa, simu ikalia kwamba ndege imetua. Akatoka mbio na taulo langu shingoni, nusu ya kichwa tayari, nusu bado. Ile nusu sijui aliimalizia wapi. Taulo halikurudi, yeye hakurudi, kitabu kikabaki kwenye benchi. Hakina jalada, kona zimeliwa na panya. Hadithi ya Kiswahili, ya ndugu wawili wanaokaa kando ya mto, mmoja mkubwa mwenye mali na mmoja mdogo mwenye vituko. Huyo mdogo ndiye jamaa wa kitabu. Jina lake silisemi, mtanielewa mbele kwa nini.

Mwanzoni nilitaka kukitumia kufutia wembe, Mungu anisamehe. Karani mmoja wa benki, kijana wa Nairobi, mtanashati mpaka nzi walikuwa wanateleza kwenye shati lake, ndiye alikichukua akaanza kusoma kwa sauti akingoja zamu yake. Benchi lote likasogea karibu. Aliyekuwa kwenye kiti akakataa kushuka mpaka sura iishe. Basi ikawa sheria ya kibanda. Anayefuata kwenye foleni anamsomea anayenyolewa. Kichwa kimoja, sura moja, popote kitabu kinapofunguka. Sura ikiwa ndefu, mimi nazungukazunguka masikio na brashi, napaka poda, nafuta poda, napaka tena. Sura ikiwa fupi, mteja anatoka na ndevu upande mmoja.

Na ilibidi kusoma kwa kupiga kelele, maana jenereta yangu ilikuwa inanguruma mpaka samaki wa Nile walikuwa wanahamia ng'ambo.

Sasa angalia mambo yalivyokuwa. Mtu alikijua kile kitabu kwa kadiri ya nywele zake. Karani wa benki alinyoa kila wiki, kwa hiyo alikuwa amesikia nyingi, ila zote ni za kupenda na kuposa. Kila akija, bahati yake, jamaa wa kitabu anabembeleza msichana. Kwake yeye jamaa alikuwa bingwa wa mapenzi. Dereva wa boza, lori la tangi la maji, kijana wa hapo hapo Juba aliyekulia kambi ya wakimbizi Kenya, alikuja tu boza likiharibika, na kila likiharibika jamaa wa kitabu yuko kwenye ubaya: anadanganya, anakunywa, na ile sura kubwa kabisa, anachoma ghala la nafaka la kaka yake kwa wivu. Wakikutana hao wawili kwenye benchi ilikuwa vita.

"Yule ni mwanamume wa heshima," karani anasema.

"Heshima wapi, ya zol, bwana wewe? Yule ni jambazi! Mimi nikimkuta barabarani namgonga na boza, nikirudi nyuma namgonga tena."

"Wewe unanyoa mara mbili kwa mwaka, unajua nini?"

Mimi nilikuwa nimesikia zote, lakini usiniulize. Mashine ikiwa karibu na sikio unasikia neno hili unaruka lile. Na kuna sura ilisomwa siku ya mvua. Mvua ya Juba juu ya mabati, hata radi inauliza kuna nini. Hiyo sura aliyesoma alisoma, midomo ikacheza, hakuna aliyeokota kitu.

Basi alikuwepo fundi wa jenereta, Mganda, mtu mpole wa mikono ya grisi, ndiye alikuwa anaitibu yangu ikikohoa. Alikuwa na nywele za kuota polepole, utafikiri nazo zinangoja vibali. Siku moja akaja kunyoa, na sura iliyomwangukia ilikuwa ile ya mto. Mafuriko usiku, mashua hazipo, mtoto wa kaka amebaki kisiwani analia, na jamaa wa kitabu anaingia majini, anaogelea na mti unamgonga kifua, anarudi na mtoto amemkalia shingoni. Aliyesoma alisoma vizuri mpaka mimi nikasahau mashine ikachimba barabara kisogoni kwa fundi. Hakuona. Alikuwa analia. Machozi yalichanganyika na nywele, akatoka na ndevu ambazo hakuja nazo.

Jioni hiyo mke wake akajifungua.

Kesho yake asubuhi akaingia mbio. "Kinyozi! Mutoto ametoka! Kijana! Na jina iko tayari!" Akalitaja. Jina la jamaa wa kitabu, na ndiyo maana silisemi, sasa lina mwenyewe. "Mimi nataka mutoto yangu akuwe namna ile. Maji inakuja, yeye anaingia. Nimeambia padri, Jumapili tunabatiza. Nimepigia mama yangu simu Arua, ameruka mpaka simu imeanguka."

Karani akaangalia kiatu chake. Mimi nikaanza kupiga brashi kiti ambacho hakina mtu. Jina kwa watu wetu si kofia, useme utalivua kesho. Mtoto anapewa jina ili afuate nyayo za mwenye jina, na mama yake fundi alikuwa mtu wa kuamini hivyo mpaka kwenye mifupa. Tungesema nini? Lakini dereva wa boza alikuwepo, boza limeharibika kama kawaida, na ule mdomo haukuwa na breki.

"Umempa mtoto jina la yule mchoma ghala?"

Fundi akacheka. "Ghala gani?"

"Ghala la kaka yake! Amelichoma lote! Watoto wamelala njaa! Kinyozi, si wewe ulikuwepo?"

Fundi akanigeukia. Nikasema "eeh" ndogo, ya kutoka puani. Akakaa chini kwenye zile nywele za watu. Uso wake uliisha kama tangi la petroli.

"Mulikuwa munajua," akasema. "Nimekaa hapa, nimelia hapa, na nyinyi munajua."

Akaondoka. Siku ile jenereta yangu ilizimika yenyewe, nafikiri kwa aibu.

Kesho yake akaja mke wake. Mwanamke mfupi, anauza chapati na maharage karibu na uwanja wa ndege, mtoto mgongoni, siku mbili tu tangu kujifungua lakini anatembea kama anakuja kukamata mtu. Hakusalimia.

"Wewe kinyozi. Bwana yangu hali, halali. Anasema mutoto atakuwa na laana, anasema tubadilishe jina. Halafu akianza kubadilisha, analia, anasema lakini aliingia kwa maji. Sasa nani amesoma hii kitabu yote?"

Tukaangaliana. Hakuna.

"Shemeji," karani akasema, "mimi nimesoma nyingi. Yule jamaa anajua kupenda."

"Mimi najua ya moto," dereva akasema.

"Na wewe kinyozi?"

Nikamsimulia. Nilijitahidi, aki ya Mungu. Lakini katika kitabu changu jamaa alikufa, halafu akaoa, halafu akazaliwa, na ng'ombe mmoja alikuwa anaongea. Mama akacheka mpaka mtoto mgongoni akapata kwikwi.

"Nyinyi ni wanaume kumi, na kati yenu hakuna hata kitabu moja nzima," akasema. "Jumamosi munazima hii jenereta. Munasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi na bwana yangu tutakaa hapa. Jumapili padri anataka jina moja."

Jumamosi hiyo sikunyoa mtu. Watu walijaa mpaka mabati yakatoka tumbo. Wengine walitoka mtaa wa Mangateen kwa miguu, na hawakuwa hata na nywele. Mama alileta chapati ndoo nzima. Fundi akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea kama mtu anayengoja hukumu, kitambaa shingoni, sijui nani alimfunga. Wasomaji wakapokezana. Karani akisoma ilikuwa kama maji ya jagi. Dereva wa boza akisoma ilikuwa kama kushusha giaboksi, lakini alishusha.

Tukafika ile sura ya mvua, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ni ile inayotangulia mto. Humo jamaa amelewa, anafanya mzaha, anafungua kamba za mashua zote za kijiji, anaziacha ziende. Ndio maana usiku wa mafuriko mashua hazikuwepo!

Dereva akaacha kusoma. Hata yeye alikuwa na huruma kidogo. Fundi akafunika macho na mkono wa grisi.

"Soma," mama akasema.

Ikaja ya mto, na safari hii haikuwa ile ya kwanza. Maneno yale yale, mti ule ule unamgonga kifua, lakini sasa kila mtu alikuwa anajua anaingia majini kwa nini. Hakuna aliyelia. Mzee mmoja mlangoni akasema tu, "Na aingie, ni nani mwingine aingie?" Zikaja za mapenzi, karani akatabasamu peke yake. Ikaja ya moto, dereva akaisoma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akafungua ukurasa uliofuata, maana siku zote boza lilikuwa linatengenezeka kabla hajaufikia. Pale jamaa hakimbii. Amesimama karibu na majivu mpaka asubuhi, wanakuja na fimbo, anakaa. Halafu analima shamba la kaka yake, msimu baada ya msimu, bila mshahara, mpaka ghala linajaa tena. Hiyo sura ni ndefu na haina kitu ndani, ni jembe tu. Nakumbuka nilipokuwa nanyoa watu waliruka kurasa zake.

Kitabu kikaisha. Jua lilikuwa bado liko juu. Juba bila jenereta ni kitu cha kutisha, unasikia mpaka mchwa wakitafuna.

"Sasa huyu ni mutu gani?" fundi akauliza. Hakuwa anauliza sisi. "Muzuri ama mubaya?"

"Mimi bado nasema jambazi," dereva akasema, ila kwa sauti ya chini. "Jambazi anayelima."

Mama akahamisha mtoto begani. "Wewe," akamwambia mume wake, "unakumbuka siku nimekuona mara ya kwanza?"

"Wacha, mama."

"Pale karibu na uwanja wa ndege. Kulikuwa na mama wa hoteli amekushika shati anakupiga na mwiko, umeunga waya zake vibaya, umeunguza friji na samaki zote. Mimi nikasema, hiyo mwanamume ni takataka."

Benchi likalipuka. Fundi akajaribu kuingia ndani ya kitambaa.

"Ningeenda nyumbani na hiyo siku moja, leo ungekuwa unajipikia posho. Lakini nilikuwa nauza chapati pale pale. Nikakuona kesho yake umerudi, na wiki ingine umerudi, unatengeneza friji ya watu bure, yule mama anakutukana, wewe unakaza sukurubu. Mimi ndiyo hiyo niliolewa nayo. Ya friji kuungua nilichukua pamoja, walikuwa hawauzi mbalimbali."

Fundi akacheka kidogo, ile ya mtu ambaye alikuwa amesahau namna inavyofanywa.

"Na mama Arua?" akauliza.

"Mama Arua mimi nitamupigia simu. Nitamusomea yote. Ya mto nitaweka mwisho ili alale vizuri." Akasimama. "Mutoto anachukua hiyo jina. Kukosea atakosea tu, hata tumuite Malaika. Mimi nataka akikosea asikimbie."

Jumapili kanisani tulijaa benchi zima la kibanda, mimi na suti ya kuazima iliyokuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani. Jina la dini padri alikuwa nalo. Likaja la pili. Akalisoma mara mbili, akauliza kwa upole, "Hili limetoka ukoo gani? Ni la babu?"

"Ni la mtu aliyevuka mto, padri," fundi akasema.

"Na akachoma ghala," dereva akasema.

"Na akapenda sana," karani akasema.

"Na akalima," mama akasema. "Padri, mwaga maji, mutoto anasikia baridi."

Padri akatuangalia mmoja mmoja, akamwaga. Mtoto akakunja uso, halafu akakojoa, moja kwa moja, juu ya shati la karani ambalo nzi walikuwa wanateleza. Dereva akanipiga kiwiko. "Umeona? Nilisema mimi!"

Fundi akamfuta mtoto wake bila haraka. "Ngoja," akasema. "Hiyo ni sura ya kwanza."