Mgongo wangu mezani

Hisabati niliisoma kimya. Nilikulia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, na sekondari nilichukua historia, jiografia na Kiswahili, kwa sababu hao ndio walimu waliokuwapo. Hisabati ya juu niliikuta baadaye, katika vitabu vilivyokwisha majalada, nikiwa tayari nimerudi Burundi na ninatengeneza mizani katika masoko ya Muyinga. Nilivisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilichoshindwa kukielewa nilikiwekea alama kwa penseli, nikakirudia baada ya mavuno. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza, kwa hiyo sikuwahi kusikia hata neno moja la somo hilo likitamkwa.

Meza yangu ilikuwa sebuleni kwetu, Gasorwe mkoani Muyinga, imegusa ukuta. Mke wangu aliendelea na kazi zake nyuma yangu. Watoto walipokua na kuondoka, tulibaki sisi wawili, bado tunaitana baba na mama.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita nilipofaulu mtihani wa maandishi na kupokelewa chuo kikuu, Gitega, katika bakalorea, yaani shahada ya kwanza, ya hisabati ya fedha. Nilitaka kujua jambo moja. Kwa miaka mingi nilikuwa nimerekebisha mizani ya kupimia kahawa, na kila mara niliona bei imekwisha kupangwa kabla mzigo haujawekwa juu yake. Nani aliipanga, na kwa kujua nini? Mke wangu alikubali niende, kwa sharti tulilokubaliana wote: shamba angelishika peke yake, lakini nikirudia mwaka hata mmoja, ninafunga mizigo na kurudi. Hakulisema kwa ukali. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, na wote wawili tulijua.

Nilipanga chumba mtaa wa Mushasha, karibu na kanisa, na mwaka wa kwanza ulipita vizuri kwa sababu mitihani yote ilikuwa ya kuandika. Mwaka wa pili ukaja mtihani wa kusimama ubaoni. Profesa aliandika mstari mmoja wa alama, akaniambia kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, niusome kisha niueleze.

Niliujua mstari ule. Ningeweza kuuthibitisha kwa njia mbili. Lakini kuusoma kwa sauti sikuweza, kwa sababu alama zile nilikuwa nimezipa majina mwenyewe, miaka ile ya Gasorwe, na majina mengine sikuwa nayo. Nikasimama nimeukabili ubao, chaki mkononi. Profesa akasubiri. Mwishowe akasema tutaonana duru ya pili, ile ya walioshindwa, akamwita anayefuata.

Nje, darasa lilikuwa limekaa kwenye ngazi. Binti mmoja niliyezoea kukaa naye benchi moja alinisogelea. Ni wa familia ya Waislamu wa mjini hapo hapo Gitega, baba fundi cherehani, mama muuza vitenge, na aliniita papa, yaani baba, kama anavyomwita kila mwanamume wa umri wangu.

"Papa, ile kitu ulikuwa unaijua. Mi niliona daftari yako. Sasa mbona ulinyamaza?"

Nikamwonyesha alama ya kwanza kwenye karatasi.

"Hii unaiitaka aje?" akauliza.

"Kiazi."

"Kiazi?"

"Kiazi chenye kikonyo. Itazame."

Akaitazama, akageuza kichwa upande. "Eh. Ni kweli, iko na kikonyo." Hapo ndipo alipocheka, akafunika mdomo kwa ncha ya ushungi. "Hiyo ni sigma, papa. Na hii?"

"U yenye mkia."

"Ni mu. Na hii ndefu?"

"Ndoana."

"Ni integrali hiyo. Donc we miaka yote uko unavua samaki tu, na huku kwetu hakuna ziwa."

Alinifundisha majina yote siku ile, tukiwa tumekaa kwenye ngazi, na nikayaandika kwa mpangilio. Nilidhani kazi imekwisha. Akaniambia nimweleze sasa ule mstari, kwa sauti, na mimi nikachukua penseli niuandike.

"Unaona?" akasema. "Shida si majina. We unajua, lakini haujawahi kusema. Tafuta mutu umuelezee. Si mi, mi nashajua, nitakuwa nakusaidia tu. Tafuta mwenye hajue."

Duru ya pili ilikuwa baada ya wiki chache, na kushindwa hapo ni kurudia mwaka. Mafuta yalikuwa adimu, nikasubiri gari tangu asubuhi hadi alasiri, nikalala Muyinga mjini kwa jamaa, na kesho yake nikafika nyumbani kwa baiskeli. Nilimkuta mke wangu uani, amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yaliyonipata. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye duru ya pili mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Kwa hiyo umekuja kufungasha?"

"Nimekuja kukueleza somo."

"Mimi? Mimi niliishia darasa la saba, baba."

"Ndiyo maana."

Nikaleta ubao mdogo aliokuwa akiutumia mtoto wetu wa mwisho, nikauegemeza kwenye ukuta wa jiko, nikaanza kuandika. Niliongea nikiutazama ubao. Baada ya muda akaniambia, "Geuka. Sikusikii. Huo mgongo naujua, nimeutazama miaka yote, leo nataka uso."

Nikageuka. Sikujua niweke wapi mikono.

"Tuseme leo kilo ya kahawa ni mia," nikamwambia. "Mwezi ujao itakuwa mia na ishirini, au itakuwa tisini. Mtu anakuuzia haki ya kuinunua kwa mia mwezi huo ukifika."

"Na ikiwa tisini sokoni, nitainunuaje kwake kwa mia? Nina wazimu?"

"Hununui. Ni haki, si lazima. Unaiacha."

"Huyo aliyeniuzia haki amepata nini sasa?"

"Amepata ulichomlipa leo. Ndicho tunachokitafuta: umlipe kiasi gani leo, ili asikupunje wala usimpunje. Tunachora matawi mawili, tunakwenda hadi mwisho wa matawi, halafu tunarudi nyuma mpaka leo."

Akatupa kokoto nje ya ungo. "Mvua ya mawe iko tawi gani?"

"Mti huu hauna mvua ya mawe."

"Basi ni mti wa Gitega huo."

Nikaanza upya. Kila aliponipotea nilirudi nyuma, na kila nilipotumia neno gumu alinyanyua kidole chenye vumbi la maharage na kunisimamisha. Nilipomwambia kwamba kadiri bei inavyoyumba ndivyo matawi yanavyoachana, na kwamba kuyumba huko kunaandikwa kwa sigma, aliuliza inafananaje. Nikaichora.

"Mbona kama kiazi," akasema.

Nikalazimika kukaa chini. Nilimweleza majina yangu yote, na alicheka hadi maharage yakamwagika mkekani. Tuliyaokota pamoja. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama, "Kumbe hayo ndiyo uliyokuwa ukiyafanya pale mezani. Nilifikiri umechoka na sisi."

Nilitaka kumjibu sawasawa, kwa hatua, kama ninavyopenda. Nikamwambia, "Hapana, mama," nikaendelea kuokota.

Tulifanya hivyo kila alasiri, kwa Kiswahili, mpaka siku ya kuondoka. Yeye akichambua, akishona, akimenya mihogo, mimi nimesimama mbele yake. Sidhani kwamba alikuja kulielewa somo lote, na hakujifanya ameelewa. Gitega, binti wa ngazini alinisikiliza tena kwa Kifaransa na kunirekebisha matamshi, akiniambia mara kwa mara kwamba nasema kama mtu anayesoma hati ya mahakama.

Siku ya mtihani profesa aliandika mstari mwingine, si ule wa kwanza. Niliishika chaki, nikaandika hatua mbili nimeukabili ubao kama mara ile. Nikaiweka chaki chini, nikageuka, nikamtazama usoni. Kifaransa changu kilikuwa kibovu. Nilisema leo bei ni mia. Nilisema ni haki, si lazima. Nilipofika kwenye mtawanyiko wa bei ulimi wangu ukaelekea kwenye kiazi, nikasita.

"Sigma," akasema yeye.

"Sigma," nikasema, tukaendelea.

Nilifaulu, si kwa alama za kujivunia. Nilipompigia simu mke wangu alikuwa shambani, upepo ukivuma kwenye simu. Nilimwambia mwaka wa tatu naruhusiwa. Nikasikia jembe likisimikwa chini.

"Na ile ndoana walikuuliza?"

"Hawakuuliza."

"Basi hiyo utanieleza ukija. Usiieleze huko kwanza."

Nilirudi likizo. Mlango ulikuwa wazi, na nilipoingia sebuleni niliona meza yangu imetolewa ukutani. Imewekwa katikati, kiti kimeelekea mlangoni, na upande wa pili kuna kiti kingine. Nilimwuliza kulikoni. Akasema magunia ya maharage yalihitaji ukuta. Nikatazama: lilikuwapo gunia moja, tena nusu.

Sikuirudisha.