Kaanaeli na mashine iliyochuja haraka mno

Ukungu bado umelala juu ya migomba ya Maji ya Chai, na Kaanaeli Sumari amepiga magoti jikoni kwake, sikio karibu na mdomo wa dumu. Maji yanaingia humo kupitia mpira mwembamba, kidogo kidogo. Anasikiliza, anatazama saa ya ukutani, kisha anasikiliza tena.

Nje, akina mama watatu wamekaa kwenye benchi, wamejifunika shuka kwa sababu ya baridi. Hakuna anayemharakisha. Zamani walimharakisha.

“Yakienda polepole hivi moyo wangu unatulia,” anasema huku akifuta mikono kwenye kitenge. “Yakianza kukimbia ndipo naogopa.”

Mchana Kaanaeli, mwenye miaka arobaini na mitatu, huuza mboga kando ya barabara kuu. Asubuhi na jioni hushughulika na mashine ndogo ya kuchuja maji iliyotundikwa kwenye ukuta wa jiko. Aliipata kwa Mama Fransiska, mwajiri wake wa zamani mjini Arusha, familia hiyo ilipohamia Moshi. Alidhani atachuja maji ya kunywa binti yake Diana tu. Haukupita muda, majirani wakaanza kubisha hodi na madumu.

Wana sababu. Maji mengi ya upande huu wa Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Ukiyatazama ni mangavu, na kuyachemsha hakusaidii. Mtoto anayekua akiyanywa hutoka meno ya kahawia, na wengine hupinda mifupa.

Kaanaeli mwenyewe hufunika mdomo anapocheka. Mdogo wake, Sifael, fundi wa simu pale sokoni, hutembea kwa fimbo mbili.

“Sifael alikuwa anakimbia kutushinda wote,” anasimulia. “Halafu akaanza kuniuliza, dada, mbona miguu yangu inakwenda pembeni? Nilikuwa mtoto, ningemjibu nini?”

Ndani ya mashine, pampu husukuma maji kwa nguvu yapenye utando uliosokotwa ndani ya bomba fupi. Matundu ya utando huo ni madogo kiasi kwamba maji hupita na sehemu kubwa ya madini hubaki, ikatolewa kwa mpira wa pili. Ni kazi isiyotaka haraka. Dumu la lita tano huchukua karibu nusu saa, na miezi ya baridi huzidi hapo, kwani maji yakipoa hupenya kwa shida.

Kwa kuwa maji hayo hayawatoshi wote, Kaanaeli aliweka sharti: ni ya wajawazito na watoto wadogo. Hutoza shilingi mia mbili kwa dumu, na fedha hiyo huishia kwenye umeme na vichujio.

Julai mwaka huu baridi ilipokuwa kali, alijiandaa kwa foleni ndefu na manung'uniko. Mambo yakaenda kinyume. Dumu likawa linajaa kabla hajamaliza kuosha vyombo. Majirani wakafurahi. Mmoja akasema labda umeme umepata nguvu. Kaanaeli naye alifurahi, kwa siku mbili hivi.

Siku ya tatu alionja maji hayo kabla ya kuyapikia uji, akahisi uchumvichumvi kwenye ulimi, kama wa maji ya bombani. Alikuwa na kipimo kidogo mfano wa kalamu kinachoonyesha wingi wa chumvi, lakini betri zake zilikuwa zimekwisha muda mrefu. Alimpigia simu Sifael, ambaye alifunga kibanda chake na kuja na betri nyingine. Walipotumbukiza kipimo kwenye jagi, namba ikapanda hadi karibu na ile ya maji yasiyochujwa.

Kaanaeli akachomoa waya wa mashine ukutani.

Siku hiyohiyo jioni alikuja Namelok, jirani mwenye binti wa miezi minane aitwaye Simaloi. Kifungua mimba wake, Tajeu, tayari amepinda magoti. Kaanaeli alimweleza kwamba mashine ina hitilafu na hatatoa maji hadi fundi aje. Namelok hakuondoka mlangoni.

“Mama Diana, usiponipa nakwenda kuchota bombani, maana mtoto lazima ale uji,” alimwambia. “Sasa hayo yako mabovu si afadhali kuliko ya bomba?”

“Sijui, Mama Simaloi,” Kaanaeli akamjibu. “Hilo ndilo linalonisumbua. Sijui.”

Namelok aliondoka na dumu tupu. Kaanaeli anasema hakula chakula jioni ile. Asubuhi alikwenda usharikani kuomba maji ya mvua yaliyobaki kwenye simtanki. Mzee wa kanisa alipogonga ubavu wa tangi hilo, mlio ulikuwa mtupu hadi karibu na chini. Hata hivyo alikubali kila mwenye mtoto mchanga apewe jagi moja kwa siku. Jagi la kwanza Kaanaeli alilipeleka mwenyewe kwa Namelok. Alimkuta amekwisha kupika uji wa asubuhi. Hakuuliza kwa maji gani.

Fundi Prosper alifika kutoka Sombetini siku iliyofuata. Alifungua bomba la utando, akatoa mpira wa duara unaoziba upande mmoja. Ulikuwa umechanika. Maji yalikuwa yanapita pembeni ya utando na kutokea upande wa pili karibu kama yalivyoingia.

“Watu wakiona maji mengi wanadhani mashine imepona,” Prosper anamwambia mwandishi wa makala haya. “Mara nyingi kuna mahali imevuja. Ndiyo maana namwambia mama, kasi ikibadilika, iwe kushuka au kupanda, zima kwanza.”

Aliweka mpira mpya, na kasi ikarudi chini. Kipimo nacho kikashuka. Lakini Prosper alikataa kumhakikishia lolote kuhusu floraidi, kwa kuwa kalamu ile haiipimi. Alimshauri apeleke chupa mbili maabara mjini: moja ya maji mapya, nyingine ya yale yaliyotoka kwa kasi, ambayo bado yalikuwamo kwenye jagi.

Majibu yalichukua zaidi ya wiki, na muda wote huo mashine ilikuwa kimya. Yalipotoka, maji mapya yalikuwa salama. Yale yaliyotoka kwa kasi yalikuwa na floraidi mara kadhaa ya kiwango kinachoruhusiwa.

Hakuna jirani aliyejua hilo. Wengi walidhani ni pampu iliyoharibika. Sifael alimshauri dada yake anyamaze, kwani mashine imeshatengenezwa na hakuna mtoto aliyeugua.

“Nilimtazama miguu,” Kaanaeli anasema. “Nikamwambia, wewe ndiye wa kuniambia hivyo? Akainamisha kichwa. Baadaye akasema nikiwaita atakuja kukaa na mimi.”

Aliwaita Jumapili baada ya ibada, nje ya jiko lake. Sifael alikaa kwenye benchi, fimbo zake magotini. Kaanaeli aliwaeleza yote. Mama mmoja alichukua dumu lake lililokuwa kwenye foleni na kuondoka. Hajarudi mpaka leo. Namelok aliuliza jambo moja tu: yalianza kutoka mabaya lini?

“Nikamwambia sijui. Huenda ni siku zile tatu, huenda mpira ulianza kuchanika kidogo kidogo tangu mwezi wa sita. Sikuwa napima.”

Namelok alibeba mtoto wake akaenda zake. Kwa wiki mbili alipita njia ya nyuma. Kisha asubuhi moja Kaanaeli alifungua mlango akamkuta kwenye benchi. Namelok alimwomba ampe kipimo akishike mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna dumu analochukua kabla hajalipima.

Muuguzi wa zahanati amewaambia wote wawili kwamba floraidi hudhuru kwa kunywewa miaka mingi, na kwamba wiki chache hazitarajiwi kumwachia mtoto alama. Kaanaeli ameuliza swali hilo kwa watu watatu tofauti na kupata jibu lilelile. Bado analiuliza.

Mpango wake sasa ni simtanki la maji ya mvua nyumbani kwake, ili siku mashine ikizimwa asimrudishe mtu na dumu tupu. Mifereji ya bati imekwisha kufungwa upande mmoja wa paa, kazi ambayo Sifael aliisimamia akiwa amekaa chini. Kaanaeli anaomba upande wa pili ukamilike kabla ya mvua za vuli.

Kwenye benchi, Namelok amempakata Simaloi, ambaye anatafuna kona ya shuka. Meno mawili ya chini yameshatoka, meupe. Kaanaeli anajua hayo si ya kumtuliza mtu, kwa sababu ni yale ya ukubwani yatakayosema kweli.

“Akifika darasa la kwanza yataanza kutoka,” anasema, sauti imeshuka ili mama mtu asisikie. “Mungu akinipa uhai, nataka siku hiyo anichekee.”