Sinia la Mjomba Wakili

Sifa zote ni za Mola, aliyetulisha tukiwa wageni katika nchi ya watu na akatuzeesha humo kwa heshima. Harufu ya pilau ikichanganyika na udi katika nyumba za Deira, mtaa wetu huku ugenini kwa Waarabu, hunirudisha kwenye hitima ya babu mzaa mama, mwaka ule mjomba wangu, kaka yake mama, alipokuja kutoka Unguja. Alikuwa wakili, kisha mwakilishi wa jimbo letu, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Kura zilipigwa kule, lakini neno lilitoka huku, kwa wanaolisha nyumba za kule. Watu walimpenda alipokuwa akiwatetea wanyonge. Alipopata kiti, alisimama mahakamani dhidi ya shangazi yangu mjane, dada yake baba, akamtoa nyumbani kwake ili tajiri ajenge hoteli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwetu sinia moja huliwa na watu wanne au watano. Hata mgonjwa haachwi ale peke yake. Mjomba alikunja miguu, akaniweka ubavuni pake. Alipotia tonge la kwanza kinywani, baba na wazee wawili wakanyanyuka, wakahamia sinia jingine. Baba akanivuta mkono, tonge langu lingali vidoleni.

"Shemeji, nini tena?" mjomba aliuliza.

"Kula tu, mheshimiwa. Si umezoea kuchukua chote peke yako?"

Watu wakacheka.

"Mimi nilifuata sheria, shemeji."

"Na sisi twaifuata yetu. Yako ilimtoa dada yangu nyumbani kwake. Yetu haimtoi mgeni. Khalas, kula ushibe."

Mjomba alikula. Kunyanyuka kungekuwa kuikataa hitima ya baba yake mwenyewe, basi akatafuna polepole, jasho likimtoka, chumba kizima kikimtazama. Mama alisikia yote jikoni, hakutoka. Habari ilimtangulia Unguja. Jimbo likamnyima kiti, na wateja wakaikimbia ofisi yake.

Siku hizi wagombea hutualika ukumbini, huku huku mjini kwetu, Al Jaddaf, kila mtu na sahani yake na uma wake. Majuzi alikuja mmoja ambaye sote twajua amewafukuza mayatima shambani kwao. Tulimpigia makofi, tukapanga foleni kupiga naye picha. Baba angekuwa hai, sijui angekaa meza gani.

Mola akuruzuku, msomaji, chakula cha halali na watu wa kula nawe.