Mtani Mwenye Mistari Mingi

Nilipokuwa nasoma Mzumbe, utafiti wangu ulikuwa kupima nani ana ushawishi zaidi kijijini kwetu, milimani juu ya Mlali. Nilipita kila nyumba nikiuliza: ni nani akikwambia jambo, unalifuata? Nyumbani kwetu nilijibu mimi mwenyewe. Kila jibu likawa mstari kwenye kompyuta, kutoka mtu hadi mtu. Mwenye mistari mingi ndiye mwenye kijiji, ndivyo nilivyofundishwa.

Mama aliingojea ramani hiyo kuliko mwalimu wangu. Mfereji wa bustani zetu ulikuwa umeziba, na kila alipowaita watu wakauzibue walimwitikia "tutakuja", wasije. Kabichi zake zilikuwa zinakauka, na hizo kabichi ndizo zilizokuwa zinanisomesha.

"Iulize kompyuta yako," alisema. "Nimtume nani?"

Kompyuta ikamtoa mtani wetu. Mtani jamani! Mtu wa ukoo unaotaniana na wetu, ambaye msibani hulala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe pombe. Nilirudia hesabu, jibu likawa lile lile. Nikahisi kijiji kizima kimenitania. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtuma.

Kesho yake asubuhi, nimesharudi Mzumbe, nikapigiwa simu: mama yako amefariki.

Sikumbuki nilifikaje. Nilikuta uwanja umejaa, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi, wanawake wanalia, na mama kasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe," mtani akamjibu. "Ungekuwa mzima nani angekuja? Haya jamani, majembe mnayo, mfereji ule pale."

Angekuwa mwingine angepigwa, lakini kwa mtani hakuna kununa. Walimtukana wakicheka, machozi hayajakauka, wakapanda mferejini. Jioni maji yakafika kwenye kabichi. Mimi nilitaka kumkumbatia mama na kumkaba mtani, na sikujua nianze na nani. Tena simu ile alinipigia yeye, nikamwamini, mimi niliyejua kazi yake ni mzaha.

Mama alinimiminia chai.

"Sasa mwanangu, hawa wamemfuata yeye, au wamenifuata mimi?"

Nilifungua ramani nimjibu. Uwanjani nyasi zote zilikuwa zimelala kwa miguu ya watu. Kwenye ramani, mstari uliokwenda kwa mama ulikuwa mmoja tu, ule wa jibu langu mwenyewe.