Jinsi Mdogo Wangu Alivyomkosa Mchungaji Wake

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na sindano yake haijawahi kuwa kali kama mdomo wake. Namsema akiwa hai, asije mtu akadai nilimsubiri afe.

Alipokuwa na mimba ya bintiye wa pekee alimwekea Mungu nadhiri: mtoto huyu ni wa kanisa. Na mtoto kweli alizaliwa na kipaji cha kuhubiri. Hajajua hata kufunga viatu, anapanga vifungo vya mama yake sakafuni, safu kwa safu, anavihubiria. Kifungo kikubwa cha koti ndicho kilichokuwa mzee wa kanisa, na ndicho kilichokemewa kuliko vyote. Tukamwita Kaimu, yaani kaimu mchungaji. Baba yake dereva wa malori, nyumbani alikuja kama mgeni, kwa hiyo malezi yote yalikuwa ya mama.

Na alilea, siwezi kumnyima. Sala asubuhi, sala usiku, mistari ya Biblia kwa kichwa, ukikosea unarudia mpaka chai inapoa. Ubaya ulikuwa Jumapili mchana. Chakula kikipakuliwa, na mchungaji naye anapakuliwa. Amina haijamtoka vizuri, kashaanza.

"Mmeliona gauni la mama mchungaji? Jipya lile! Sadaka zetu hizo zinatembea."

"Mdogo wangu, mtoto anasikia."

"Dada nawe! Mtoto anajua nini? Kula."

Mtoto anakula, macho kwenye sahani, masikio wazi.

Mama mchungaji huyo huyo ndiye aliyemfundisha Kaimu kusoma, kwenye shule ya Jumapili, amempakata. Siku moja akaleta mashati ya mumewe yageuzwe kola. Kola ikilika shingoni, fundi anaifumua, anaigeuza upande wa pili, anaishona tena, shati linarudi kuwa shati. Ni kazi ya watu wasio na kitu wanaotaka kuonekana nadhifu. Mdogo wangu akawainulia wateja wake shati moja.

"Tazameni shingo ya mtumishi! Mshahara anapeleka wapi huyu? Au ana nyumba ndogo?"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Mama mchungaji alikuwa nje ya pazia, amefuata mashati. Kaimu alikuwa naye pale mlangoni, amemshika mkono. Mwanamke akaingia, akasema, "Asante dada, Mungu akubariki," akayakunja moja moja, akaondoka.

Ule utani wa nyumba ndogo ukaota miguu. Haukuchukua muda, kanisa zima "linajua". Mchungaji wa watu akahamishwa. Kaimu ndiye aliyebeba masufuria yao mpaka kwenye lori, huku analia. Mdogo wangu hakwenda kuwaaga. Ati ana nguo za harusi za watu.

Kaimu akakua, akamaliza shule, akawa kiongozi wa vijana kanisani. Akisali, hata mimi niliye mgumu nilikuwa nafumba macho kweli kweli. Baraza la kanisa likampitisha aende chuo cha Biblia. Mdogo wangu akawa hashikiki, anatembea mtaani kama kavikwa taji. Akamwalika mchungaji mpya na mkewe waje kuombea safari. Wakaja, wakala, wakaomba, wakaaga. Mlango haujafungika sawasawa:

"Mmeona yule mke alivyojaza sahani? Kama hajaona chakula tangu aolewe!"

Kaimu akaweka kijiko chini.

"Mama, siendi."

"Huendi wapi?"

"Chuoni. Kesho namwambia mchungaji wampeleke mwingine."

"Umeingiwa na nini wewe? Hayo si maneno tu ya mezani?"

"Ndiyo niliyolelewa nayo. Kila nitakakotumwa kutakuwa na meza kama hii, na kitoweo nitakuwa mimi. Siku ile ya mashati nilikuwa nimemshika mkono mama mchungaji, alisikia kila neno. Mimi siwezi, mama."

"Dada, sema naye!"

"Niseme nini? Si umeshasema wewe yote?"

Leo Kaimu anauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kanisani haonekani. Mdogo wangu anawaambia watu shetani kamwibia mtoto. Shetani gani? Shetani alipita pale, akakuta kazi imeshafanyika, akaendelea na safari zake.

Juzi mdogo wangu akanituma nikambembeleze, eti baraza bado lina nafasi. Nikaenda. Kaimu alikuwa anapima misumari.

"Shikamoo mama mkubwa. Umekuja kununua au umetumwa?"

"Marahaba. Nimetumwa."

"Basi mwambie hukunikuta."

"Mimi sisemi uongo kwa ajili ya mtu."

Akacheka kidogo, akafunga misumari ya mteja. "Basi mwambie umenikuta."

Nikarudi, nikamwambia mdogo wangu: nimemkuta, mzima, kanenepa, na hataki. Akalia, akanishika kanga nimwonee huruma. Nikaitoa mikononi mwake, nikaenda zangu nyumbani.